Jina Lililoimbwa Mara Kumi na Moja

Wengi mmenipigia simu kuuliza kama bado niko chini ya meza ya muuza viatu vya mitumba. Nimeshatoka, ahsanteni. Mama mmoja wa Rhotia amenitumia ujumbe kwamba mwanamume mzima, tena mpiga ngoma wa bendi ya roki, hajifichi nyuma ya raba za watoto. Mama, ungekuwa wewe ungejificha ndani ya raba.

Kwa aliyefungiwa maandazi na gazeti hili na hajui tunaongea nini: naitwa Elisaria, mzaliwa wa Masama, mkazi wa Karatu, na kwa miaka minane nimepiga ngoma katika bendi ya Kokoto. Tuko wanne. Sairowua anaimba, Qamara anapiga gitaa, Blandina anapiga besi. Hatuna meneja wala kampuni. Vyombo tumenunua wenyewe, matangazo tunabandika wenyewe, na siku ya kupigwa tunapigwa wenyewe.

Siku hiyo ilikuwa mnada wa Karatu, saa nne asubuhi, jua linawaka. Tulikuwa tumekodiwa na muuza magodoro tumvutie wateja. Katikati ya wimbo wa pili akapanda jukwaani Moloimet, Mmasai wa Olbalbal, na wenzake sita. Rungu la kwanza lilipasua ngoma yangu kubwa. La pili lilimvunja Qamara mtulinga. La tatu sikuliona, nilikuwa tayari nakagua raba.

Kutoka pale chini niliona miguu tu. Lakini masikio yalikuwa kazini.

"Nani amelipeleka jina redioni?" Moloimet aliuliza. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Sauti ni yangu," Sairowua akajibu.

"Sikuuliza sauti ni ya nani."

"Sauti ni yangu, Moloimet. Imetosha."

Rungu likamkuta mbavuni. Ulisikika mlio kama mtu kavunja muwa gotini. Sairowua akaanguka juu ya godoro la sita kwa sita, na muuza magodoro akapiga yowe kuliko aliyepigwa: "Jamani, damu! Si kwenye la sita kwa sita! Mpigieni kwenye la tatu kwa sita!"

Moloimet akainama, akamshika Sairowua taya kwa mkono mmoja kama mnunuzi anayeangalia meno ya ng'ombe.

"Jua la leo halitazama mdomo huu ukiwa mzima."

Wakambeba, wakamtupa nyuma ya pikapu, vumbi likatimka. Watu mia tano walikuwa mnadani. Wote walikumbuka ghafla kwamba wana mbuzi wa kuuza.

Na mimi? Mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema. Neno "mimi". Nilikaa nalo mdomoni kama pipi.

Kwa maana aliyepeleka lile jina redioni hakuwa Sairowua.

* * *

Blandina ndiye aliyenitoa chini ya meza. Alinivuta kwa sikio.

"Toka, chalii. Qamara amepelekwa hospitali. Tunakwenda Olbalbal."

"Twende polisi kwanza."

"Nimetoka huko. Wameniambia niandike maelezo, halafu nisubiri gari lenye mafuta. Mpaka hapo Sairowua atakuwa anakunywa uji kwa mrija. Panda!"

Siku za kazi Blandina huendesha gari la mboga la kambi moja ya watalii huko juu, kwa hiyo ana kibali cha lango la hifadhi ya Ngorongoro. Nikapanda, nikakaa katikati ya kabichi na kreti za mayai. Kichwa kilikuwa kimepasuka kidogo nilipojitupa chini ya ile meza, damu inaingia sikioni.

Langoni, askari alikagua kibali huku simu yake ikiimba. Gitaa kavu, dumu linadunda, na sauti ya Sairowua inapanda taratibu.

"Huu wimbo!" askari akasema. "Ni nyinyi, si ndiyo? Kokoto? Niliwafahamu kwa makelele, kumbe mnajua na kuimba!"

"Zima hiyo," Blandina akamwambia.

"Aa, dada, mbona unajikataa?"

"Zima, baba, nakuomba."

Ngoja niwaeleze wimbo wenyewe.

Miaka mitatu iliyopita tulikwenda kupiga shoo Ngorongoro, gari likaharibika Olbalbal. Jenereta likafa siku hiyohiyo, kwa huruma ya kulisindikiza gari. Tukakaa siku tatu kwenye boma la rafiki yake Sairowua, wa rika lake, aliyetahiriwa naye. Jina lake silitaji, na mkisoma mpaka chini mtajua kwa nini.

Hapakuwa na umeme, hapakuwa na ngoma. Qamara alichukua gitaa la kawaida, mimi nikachukua dumu la maji la lita ishirini. Lilikuwa tupu, maana Olbalbal mwaka ule hata machozi yalikuwa ya kupimiana. Tukarekodi nyimbo saba kwa simu, ndani ya zizi la ndama. Tukaiita rekodi "Dumu Tupu". Wahenga wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Letu liliacha. Tuliuza flashi thelathini, na tano kati ya hizo alinunua mama yangu.

Wimbo wa nne Sairowua aliutunga palepale, majigambo ya kumsifu mwenyeji wetu. Alimwita kwa jina mara kumi na moja, na kila alipomwita, mwenyewe alikuwa anacheka mlangoni.

Mwaka jana mwenyeji wetu alitoka kutafuta ng'ombe waliopotea. Nyati akamtangulia kuwaona.

"Sasa niambie," Blandina alisema tulipoanza kupanda mlima kuelekea ukingo wa kreta, ukungu umefunga barabara. "Nani alipeleka?"

"Flashi ziko thelathini, dada. Mtu yeyote…"

"Eli."

"Labda mtangazaji mwenyewe…"

"Eli. Mtangazaji alisema hewani: 'Wimbo huu ni kwa heshima ya marehemu,' akalitaja jina lake mara tatu, na jina la baba yake. Mtu wa kununua flashi angeyajua hayo wapi?"

Pipi ikayeyuka.

"Mimi," nikasema. "Nilipeleka mimi."

Akafunga breki. Kreti ya mayai ikaja mbele kunisalimia. Blandina akanigeukia, akanipiga kofi. Mpiga besi ana sugu kwenye vidole vyote, na siku ile zote zilifika.

"Sairowua alikwambia nini kuhusu huo wimbo?"

"Alisema, redioni toa zote, wa nne uuache."

"Ukamuuliza kwa nini?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Mangi,' si unajua anavyoniita mimi Mchaga, 'kuna mambo hayaelezwi.' Nikadhani ni uchungu. Nikasema nitamheshimu marehemu kwa niaba yake. Blandina, kwetu Masama marehemu asipotajwa ndiyo ugomvi unapoanza! Kuna ibada, kuna tangazo la kumbukumbu, kuna fulana zenye picha…"

"Hapa si Masama!" Akanipiga la pili. "Kwao aliyekufa haitwi jina. Haitwi! Moloimet ni ndugu yake, na mtoto wake alikuwa amerithi lile jina, siku ya msiba akapewa jingine. Nyumba nzima imelimeza. Halafu wewe ukamwita kwenye redio wiki tatu, wilaya mbili, kila baada ya taarifa ya habari."

"Sikujua."

"Mama wa marehemu alikuwa mashineni anasaga mahindi. Redio ikamwita mwanawe. Mara kumi na moja. Ilipofika ya tano alianguka na ndoo ya unga. Tangu siku hiyo hajasema neno."

Nikaanza kuokota maganda ya mayai sakafuni.

"Na Sairowua anajua ni wewe," akaongeza, akiwasha gari. "Tangu siku ya kwanza alijua. Alisema utasema mwenyewe. Alisema, 'Mangi ana maneno mengi, lakini la kweli huwa linakuja mwishoni.' Leo tutaona."

* * *

Tulifika Olbalbal saa nane. Vijana watatu wa Moloimet walikuwa wanatungoja nje ya boma, fimbo mkononi.

"Karibuni," mmoja akasema. Kisha akanipiga fimbo ya shingo.

Nilianguka kifudifudi. Wa pili akanipiga mgongoni, wa tatu akasubiri zamu yake kwa adabu. Nimepigwa na polisi Arusha, nimepigwa na mashabiki Mto wa Mbu waliotaka singeli, nimepigwa na mwenye nyumba wangu, mzee wa kanisa. Wote hao walikuwa wanajifunza.

Ghafla fimbo zikaacha. Nikageuza kichwa. Blandina alikuwa ameshuka na spana ya magurudumu. Mmoja wao alikuwa amekaa chini ameshika goti, analitazama kama si lake.

"Nani mwingine?" Blandina akauliza, anahema.

"Yero," yule wa pili akamwambia mwenzake, "huyu mwanamke anapiga kuliko mwanamume wake."

"Si mwanamume wangu!" Blandina akafoka. Katika vipigo vyote vya siku ile, hicho nacho nilikihesabu.

Wakamnyang'anya spana, wawili kwa mmoja, naye akamwachia mmoja alama ya meno kwenye mkono. Tukaburutwa ndani.

Sairowua alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya zizi la ndama. Zizi lilelile. Jicho moja limeziba, shati limekauka kwa damu, anapumua kwa vipande. Alipotuona akatikisa kichwa.

"Mngebaki," akasema.

Moloimet alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yake, rungu magotini. Macho yalikuwa mekundu, na haikuwa pombe. Mtu wa kulia alikuwa yeye, ila hakuna aliyempa nafasi.

"Wazee wako wapi?" Blandina akauliza. "Jambo kama hili si la wazee?"

"Wako kikaoni Endulen. Watarudi kesho. Watasema faini, ng'ombe wangapi, na blanketi la mama." Akasimama. "Sitaki ng'ombe. Nina ng'ombe. Nataka mdomo uliomwita ufungwe. Huyu alikunywa maziwa ya nyumba hii. Anaijua mila. Mgeni ningemsamehe."

Mgeni ningemsamehe! Neno hilo liliniingia kama maji ya baridi. Nikajiambia, Eli, mlango huo hapo, wazi kabisa. Wewe ni mgeni. Sema, utoke.

Akanyanyua rungu usawa wa taya la Sairowua. Sairowua hakufumba macho.

"Ni mimi!" nikapiga kelele.

Rungu likasimama.

"Ni mimi niliyepeleka redioni. Yeye alinikataza. Alisema wimbo wa nne niuache, nikaiba flashi yenye wimbo huo kwenye begi lake la nguo, nikapeleka. Yeye hana kosa. Mimi ni mtu wa kuja, sikujua mila yenu. Nilitaka kumheshimu ndugu yako…"

Hapo ningenyamaza. Ningenyamaza hapo, ndugu zangu, leo ningekuwa nawasimulia habari nyingine, pengine ya mapenzi.

Lakini nilikuwa nimetoka damu, nimepigwa jua, na ulimi wangu umelelewa Masama, ambako mtu akimwombolezea mtu humtaja. Nikafungua mdomo, nikamalizia sentensi kwa jina lake.

Lote. Na la baba yake.

Sairowua akasema taratibu, "Mangi, Mangi, Mangi."

Moloimet hakunifikia kwa hatua, alinifikia kwa goti. Nikalala chali, rungu likanipata bega, likanipata paja, likanipata mkono nilioukinga kichwani, nikasikia kidole kikienda upande wake. Blandina akamrukia mgongoni, akatupwa kwenye miiba ya ua. Wenzake wakaingia. Nilihesabu mateke mpaka tisa, kisha nikaona si hesabu yenye faida.

"Mgeni ungemsamehe!" nilimkumbusha kutoka chini. "Ulisema mgeni!"

"Mgeni wa mara ya kwanza!"

Akaniwekea mguu kifuani. Nikaliona rungu likipanda hadi lilipofunika jua.

Ndipo mlango wa nyumba ndogo ukafunguka.

Akatoka mwanamke mmoja mrefu, amejifunga shuka jeusi, mkono mmoja ameshika ukuta. Vijana wote wakarudi nyuma. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Nanyokie, mama wa marehemu. Mama aliyeanguka mashineni. Na mimi nilikuwa nimemwitia mwanawe tena, mlangoni kwake.

"Yeyo," Moloimet akasema, rungu bado juu. "Ingia ndani."

Hakuingia. Alikuja mpaka tulipokuwa, akanitazama. Nilingoja laana. Nimeishi na Wamasai miaka minane, najua laana ya mama haina dawa ya hospitali.

Akafungua kinywa. Sauti ilitoka imekwaruza, kama bawaba iliyokaa bila mafuta. Kimaa changu ni cha kununulia maziwa, lakini haya niliyaelewa.

"Nimepoteza mmoja. Sitampeleka mwingine gerezani kwa ajili ya mdomo wa mtu. Mkono wa nyumba hii usimguse huyu."

Moloimet akabaki na rungu hewani. Tangu siku ile ya mashineni alikuwa amesubiri mama yake aseme, na maneno ya kwanza yamekuja kumnyang'anya haki yake.

Akashusha rungu. Akaniondolea mguu kifuani.

Mama akageuka, akarudi ndani, akafunga mlango. Nikavuta pumzi. Blandina akaanza kulia palepale kwenye miiba. Nikasema moyoni, Eli, umepona. Nikaanza hata kutunga utani wa kuwasimulia.

Moloimet alikuwa anautazama ule mlango. Kisha akamwendea Sairowua, akachomoa sime.

"Moloimet, mama amesema!" Blandina akapiga yowe.

"Nimesikia alichosema."

Akakata kamba. Sairowua akayumba, akashika nguzo. Moloimet akamwekea rungu mkononi, akamkunjia vidole juu yake, kimoja kimoja.

"Mama amesema mkono wa nyumba hii," akasema. "Wewe si wa nyumba hii. Wewe ni wa rika lake. Mliingia jandoni siku moja, mkala nyama moja porini. Nani wa kumtetea jina kama si rika lake? Mfunge huyu mdomo, wewe na sisi tumemalizana, uimbe mpaka uzeeke. Ukikataa, basi mlikuwa wawili tangu mwanzo, na wenzangu hawa sita hawakuzaliwa nyumba hii."

Wale sita wakasogea.

Sairowua akaja. Alikuwa anachechemea, ubavu mmoja ameushika. Akapiga goti mbele yangu. Jicho lake zima lilikuwa kavu.

"Mangi."

"Kaka."

"Nilikwambia nini kuhusu wimbo wa nne?"

"Niuache."

"Ukautoa."

"Nikautoa."

"Kwa heshima ya yule?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari, limeshavaa na viatu. Nilikuwa nimemwambia hivyo Blandina, nimemwambia hivyo Moloimet, na kwa wiki tatu nilijiambia hivyo kila nilipojinyoa. Lakini nilimtazama lile jicho, nikaona huyu alivunjwa mbavu kwa kungoja niseme kitu kimoja cha kweli.

"Hapana," nikasema. "Katika zile nyimbo saba, ni huo tu ambao dumu langu linasikika vizuri. Miaka minane nimepiga ngoma nyuma yenu na hakuna mtu aliyewahi kuuliza aliyepiga ni nani. Nilitaka waulize."

Blandina akaacha kulia.

Sairowua akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeletewa mzigo aliouagiza.

"Ahsante," akasema. "Sasa funga mdomo, meno yasije yakakata ulimi."

Akasimama, akashika rungu kwa mikono miwili, akavuta pumzi ndefu mpaka ubavu ukamkunja uso. Ni ile pumzi anayoivuta kila mara kabla ya kuanza wimbo, na miaka minane yote kazi yangu kwenye pumzi hiyo imekuwa moja, kumhesabia mpaka nne. Vidole vyangu vikagonga ardhini vyenyewe, hata kile kilichovunjika. Moja. Mbili. Tatu.

Kwenye nne, rungu likashuka.